Maneno ya Mjomba

Hatibu wa Mkuyuni alikuwa na ulimi, bwana. Harusi asiyoisemea yeye ilikuwa mchuzi usio chumvi, na hata waliomchukia walimwita misibani kwao. Ulimi huohuo, siku alipouhitaji kuliko zote, haukumfaa kitu.

Ilikuwa wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Mwanawe wa pekee, Dadi, alikamatwa akapelekwa bomani Morogoro awe mpagazi, na wengi waliobebeshwa mizigo ya vita hawakurudi. Zikaja habari kwamba bwana shauri, Mjerumani mkuu wa boma, atasikiliza maombi barazani. Hatibu akayapanga maneno: Mwaisha, mama wa kijana, ni kipofu, na mkono anaoushika kwenda kisimani ni wa Dadi tu.

Lakini kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Mbele za watu anayemsemea ni mjomba. Baba ni mgeni. Na mjomba alikuwa Salum, mtu mwema, ila mwoga hata wa jogoo. Basi Hatibu akawa anamfundisha shambani, neno kwa neno.

"Shemeji, hapo usiharakishe. Ukitaja macho ya dada yako, nyamaza kidogo."

"Nimeshika, shemeji," Salum alijibu, jasho likimtoka.

Siku ya baraza Salum akaitwa. Akasimama, akakiona kiboko mkononi mwa askari, ulimi ukamkauka. Akabaki anameza mate. Hatibu alikuwa nyuma yake, maneno yote yamemjaa kinywani, akingoja shemeji ageuke ampe ruhusa. Wazee wa ukoo walikuwapo, na kumpokonya mjomba neno ni kuutukana ukoo mzima. Heshima gani hiyo, jamani! Salum hakugeuka. Bwana shauri akapunga mkono, akaitwa mwingine. Dadi akaondolewa akiwa na kamba shingoni, macho yake kwa baba, si kwa mjomba.

Hatibu alipofika nyumbani, Mwaisha akauliza, "Kaka yangu kasemaje?"

Hatibu akaketi karibu naye, akayasema maneno yote aliyomfundisha Salum, tangu mwanzo. Alipofika kwenye macho akanyamaza kidogo, kisha akaendelea hadi mwisho.

Mwaisha akalia kwa furaha.

"Salum ndiye kasema hayo? Mungu amlipe. Sasa Dadi yuko wapi, mbona haingii ndani?"