Karani wa "Maana Yake"

Siku ya kwanza kumwona, alikuwa mbele ya ubao wa matangazo pale kiwandani, akitusomea barua ya uongozi. Kila sentensi alipoimaliza, aligonga ubao kwa kalamu na kusema, "Maana yake," kisha akaieleza kwa maneno yetu. "Uongozi unapitia upya mahitaji ya zamu. Maana yake, jamani, zamu ya Jumamosi inakufa." Hakutulia, yule mama karani. Alivua miwani, akaivaa, akaivua tena aifute kwa ncha ya mtandio, na mguu mmoja ukitikisika ndani ya kandambili. Vijana wa ghala walimwita Mama Maana. "Mama Maana, mke wangu kasema nitajua mwenyewe!" "Maana yake leo hupikiwi, baba." Mimi mfagiaji nilichekea nyuma ya watu, sikuwahi kumuuliza kitu.

Ijumaa moja nilikuwa nafagia ofisini kwake alipoletewa bahasha. Akaisoma kwa sauti, kama kawaida yake: "Kuanzia Jumatatu, majukumu yako yatabebwa na kitengo kingine. Tunakutakia kila la heri." Akagonga meza kwa kalamu. "Maana yake," akasema, kalamu ikasimama hapohapo. Mguu nao ukatulia. Akanisogezea karatasi. "Isome na wewe, kaka. Labda mimi nimeelewa vibaya." Nikaegemeza ufagio ukutani, nikaisoma polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka kwenye muhuri. Nikainua macho. Nikamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

Akachukua mkoba wake. "Asante, kaka," akasema. "Umeeleza vizuri."