Unga wa Msiba Usio na Maiti

Dada yangu aliposhindwa uenyekiti wa kijiji, hakuna aliyekuja kutupa pole. Waliokuja walikuja kuchungulia. Jirani yetu mmoja aliomba chumvi huku macho yakizunguka nyumba nzima, nami nikajua kwake chumvi ipo. Nilimpa kidogo, ya kutosha yai moja.

Mimi si mtu wa kuamini haraka, na baada ya kura zile nilizidi. Kijiji chetu kiko ubavuni mwa msitu, upande wa Mgori. Kampeni nzima dada alisema jambo moja: mahali kikundi chetu cha akina mama kinapotundika mizinga pasikatwe. Mpinzani wake aliahidi kugawa eneo hilo liwe mashamba ya alizeti. Watu walimshangilia dada, kisha wakampa kura yule mwingine. Dada akanitupia bomba lake la moshi, lile la kufukizia nyuki, akasema, "Mimi na nyuki basi. Wagawane." Akaingia ndani, akalala akitazama ukuta. Bila yeye kikundi kingekufa, na miti ingefuata.

Ndipo ukaja ujumbe kwenye simu yake. Zamani kidogo alihudhuria semina Arusha, akakutana na akina mama wafugaji wa nyuki kutoka Meksiko. Sasa walikuwa wamesikia kwamba ameshindwa, wakaomba kupiga simu ya video ili wakae naye.

"Wakae naye wafanye nini?" niliuliza.

"Kukaa tu," dada akasema.

Sikuamini hata kidogo. Dunia hii nani anakaa bure? Nilidhani wanatafuta picha ya mwanamke anayelia wakaombee misaada, au wanaunyemelea msitu. Kabla hawajapiga nilisukuma ndoo zote za asali chini ya kitanda, na bomba la moshi juu ya ndoo hizo.

Dada alitandika mkeka uani, maana kwetu anayekuja kukaa na mfiwa haketishwi kwenye kiti. Aliiegemeza simu kwenye kibuyu, tukajitanda khanga, tukakaa.

Walitokea wanawake kama saba, wameketi sakafuni wakipukuchua mahindi. Katikati yao alikuwa sista mzee. "Poleni, wanangu," alisema, kwa lafudhi ya Kinyiramba kabisa. Kumbe aliuguza wagonjwa hospitalini Kiomboi miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Nilimpa shikamoo yake, lakini kwa shingo upande.

"Wenzenu nasi tumewahi kushindwa," akasema. "Hatuna neno. Tumekuja kukaa."

Wakaendelea kupukuchua. Mahindi yalidondoka kwenye beseni. Nilisubiri waombe kitu, hawakuomba, na hilo likanikera zaidi.

"Mnataka nini hasa?" nikalipuka. Dada alinifinya paja. Sista alitafsiri, wakatazamana, kisha bibi mmoja akajibu.

"Anauliza," sista akasema, "kama dada yako amekula."

Hakuwa amekula tangu jana. Kijiji kizima hakuna aliyeuliza hilo.

Wakati huohuo yule jirani wa chumvi alichungulia juu ya ua. Aliona mkeka, khanga vichwani, kimya. Akatoweka. Nikajua kaenda kutusema. Kumbe alirudi na bakuli la unga kichwani na kuni kwapani, machozi tayari yanamtoka.

"Jamani, nani katutoka?"

Dada alinigeukia. Nikajibu mimi. "Kura, mama. Zilizokufa ni kura."

Alisimama pale kama aliyekanyaga mwiba. Kwetu unga wa msiba haurudi ulikotoka. Ukiurudisha umekaribisha kifo kwako. Alitazama lango, akatazama bakuli. Mwisho aliutua unga, akaketi. Ndipo akaiona simu.

"Na hawa ni ndugu?"

"Ndugu," dada akasema.

Habari za msiba kwetu hazihitaji miguu. Wengine walifika na unga wao, wakaulizia maiti, wakakwama kama yeye. Tulisonga ugali mkubwa. Dada alikula, na wale wa kwenye simu wakapiga makofi. Mwanakikundi mmoja akasema, bila kumtazama, kwamba mizinga ya bondeni imejaa asali na hakuna wa kurina.

Dada alinawa mikono. "Bomba langu liko wapi?"

Niliingia ndani, mlango wazi, nikatambaa chini ya kitanda mbele ya wageni wote, na ndoo zangu zikaonekana.

Kwenye mkutano wa kijiji wa kuamua juu ya msitu akina mama walienda pamoja, wakaketi mbele, wakapinga. Msitu haujagawanywa mpaka leo, ingawa mwenyekiti bado namtazama kwa jicho la pembeni.

Msimu uliofuata sista alituandikia ujumbe. Kwao walipiga kura kuhusu ardhi yao. "Tumeshindwa. Njooni mkae."

Niliusoma mara mbili nikitafuta mtego. Kisha nikachota unga, nikajitwika, nikamfuata dada uani, nikijua vizuri kwamba hautafika Meksiko. Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Yule jirani wa chumvi alikuwa ameketi tayari, na bakuli lake la unga liko mbele ya simu.