Mkato Niliouficha kwa Utepe

Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa Bukavu, katika garaji yangu ya Muhumba. Sikusimuliwa na mtu, sikuota, wala sikuwa nimekunywa. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si wa kuogopa vivuli. Niliondoka hapa na suruali mbili, nikafika Durban, nikaosha magari ya watu miaka mitatu mpaka nikajilipia shule, na nikarudi na diplome ya umeme wa magari. Imetundikwa ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mteja anaiona kabla hajaniona mimi.

Sifa yangu mjini ilikuwa moja: naongeza taa kwenye gari bila kukata hata waya mmoja wa kiwanda. Mafundi wengi wanakata, wanasokota, wanafunga, basi. Mimi navuta waya mpya mnene kutoka kwenye batri, naupa fizibo yake, yaani fyuzi, naweka rele, kile kidude kinachowasha taa kikiamriwa na swichi, halafu natumia plagi inayoingia nyuma ya taa ya zamani bila kujeruhi kitu. Ukichoka nazo unachomoa, na gari linabaki kama lilivyozaliwa. Nilikuwa nawaambia wateja kwamba kukata waya wa kiwanda ni sawa na kukata mshipa wa mtu. Walilipenda sana neno hilo.

Katika kiwanja cha garaji hiyo hiyo alifanya kazi Muzee Murhula, fundi wa breki. Hana diplome. Kazi aliijulia chini ya malori. Kila asubuhi akinipita aliniuliza kama diplome imeamka salama. Na mimi nilikuwa nawaambia watu kwamba yule muzee anatengeneza breki kwa kunusa. Tulicheka wote wawili, ila mimi nilikuwa namaanisha.

Siku moja alikuja Papa Furaha, dereva aliyekuwa akibeba watu na nyanya kati ya Bukavu na Luvungi. Njia ile inapita milima ya Ngomo, na ukungu wa kule unaujua kama umewahi kupita. Muzee Murhula alikuwa amemfungia breki mpya wiki ile ile. Kwangu Papa Furaha alitaka taa mbili za nguvu, na alitaka kuondoka alasiri.

Niliunganisha kila kitu kama nilivyofundishwa. Nikawasha. Taa mpya kimya. Nikabadilisha rele, kimya. Papa Furaha alikuwa amesimama pale na abiria wake wawili, na Muzee Murhula akatokea na kikombe chake cha chai. Akatazama kidogo tu.

"Injenieri, hizi gari za Japani zinawashiaka ku masi. Geuza ile rele yako, itawaka."

Alimaanisha kwamba katika magari yale umeme unakuwa umeshafika kwenye taa, na swichi inafunga upande wa kurudi. Magari niliyojifunzia shuleni yalikuwa ya Ulaya, yanafanya kinyume. Muzee alisema kweli, na niamini, nilijua pale pale kwamba amesema kweli. Ilikuwa kazi ya dakika kumi. Lakini nigeuze mbele ya watu wale, baada ya fundi wa breki kunielekeza? Wewe ungekubali? Nilimjibu kwamba kule nilikosoma, breki na umeme haviketi darasa moja. Abiria wakacheka. Muzee akanywa chai yake, akaenda.

Papa Furaha alipowapeleka abiria kula mishikaki, nikachukua koleo nikakata. Nilikata waya wa kiwanda, nikasokota taa zote nne, mpya na za zamani, juu ya waya ule mmoja mwembamba, nikazungushia utepe wa kitambaa niliotoka nao Durban, unaofanana kabisa na wa kiwandani. Hakuna jicho ambalo lingeona. Taa ziliwaka kama jua. Papa Furaha aliporudi alifurahi sana, akainama akachungulia.

"Haukukata, ee?"

"Mimi sikataka, papa."

Yaani mimi huwa sikati. Siku ya nne gari lilikutwa chini ya bonde la Ngomo. Alikuwa anapanda usiku, peke yake na nyanya zake, na katika kona moja hakukata kona. Nilikwenda na watu waliolivuta. Walipokuwa wanafunga kamba, niliingiza mkono chini ya kapo, kile kifuniko cha injini. Utepe wangu ulikuwa umeungua, waya umeyeyuka. Ulikuwa umebeba taa nne mlima mzima, na ulipokatika, zote zilizimika mara moja. Hapo ndipo nilipofanya jambo la pili. Niliung'oa ule utepe pamoja na vipande vya waya, nikatia mfukoni, na tulipofika mjini nikautupa kwenye mto Ruzizi.

Kwenye matanga watu walitafuta sababu, kama watu wanavyotafuta siku zote. Tonton Justin, mdogo wake marehemu, akasema: nani alifungua gari wiki ile? Breki ilifungwa na nani? Muzee Murhula alikuwa amekaa nyuma na kofia magotini. Tonton Justin akanigeukia, mimi mwenye diplome, akaniuliza ninaonaje.

Unajua nilisema nini? Nilisema, "Breki ni kitu cha kuangalia sana."

Sikusema zaidi. Haikuhitajika. Walimwinua yule muzee kwenye kiti, wakamtoa nje ya kiwanja cha kilio mbele ya watu wote, na hakuna aliyempa mkono. Tangu siku ile hakuna gari lililosimama mbele yake. Baada ya wiki mbili alifunga funguo zake za kufungulia nati ndani ya gunia, akaenda kwa dada yake, Kalehe.

Sasa sikiliza ninachotaka kukuambia. Haikupita muda mrefu. Ilikuwa saa moja ya jioni, mvua imenyesha tangu mchana, umeme wa mtaa umekatika. Nilikuwa nafunga kabati la vifaa. Nikageuka, nikaona gari limesimama katikati ya kiwanja, taa zimezimwa. Sikusikia mlio wake. Ndani alikuwa amekaa mwanamume mwenye koti zito, uso umezama kwenye kofia ya koti. Hakushuka.

"Injenieri, taa haiwake."

Nilifungua kapo, nikabana tochi kwapani. Gari lililotoka kupanda mlima wa Muhumba injini yake inapaswa kuchoma. Ile ilikuwa baridi kama jiwe la ziwani. Nikafuata nyaya kwa vidole. Kutoka ndani akaniuliza:

"Ulikata?"

Hakuuliza kama waya umekatwa. Aliuliza kama mimi nilikata, kwenye gari ambalo sikuwahi kuliona. Na mimi nikajibu kwa mdomo uliokwisha kuzoea: "Mimi sikataka, papa."

Pale pale vidole vyangu vikagusa utepe wa kitambaa. Katika mji huu hakuna mwingine mwenye utepe ule. Nikaanza kuufungua. Niliufungua, nikaufungua, mzunguko juu ya mzunguko, na haukwisha, na kadiri nilivyofungua ndivyo ulivyopata moto. Nilitaka kuuachia, vidole vikakataa. Injini baridi, mvua inaninyeshea mgongoni, na kile nilichoshika kinaniunguza mpaka nanusa nyama yangu. Sauti ikaja tena, sasa si kutoka kwenye kiti. Ilikuwa sikioni.

"Na Murhula?"

Nilisema ni mimi. Nilisema nilikata, na yule muzee hakukosea kitu. Sikupiga kelele, sikuwa na nguvu hiyo. Taa zote nne zikawaka usoni mwangu, nyeupe. Nilipoweza kutazama pembeni ya kapo, kiti cha dereva kilikuwa kitupu, na mkanda umefungwa. Halafu giza.

Zamu wangu, yule anayelinda geti, alikuja na taa yake ya mkononi akanikuta nimepiga magoti kwenye tope. Akaniuliza kwa upole, "Patro, ulikuwa unatafuta nini pale chini?" Alikuwa amenitazama muda mrefu, akisita kunikatiza. Alisema nilikuwa nimeinama penye utupu, nikizungusha mikono kama mama anayekunja uzi. Hakuna gari lililoingia. Kufuli ya geti ilikuwa mahali pake, na kwenye tope hapakuwa na alama ya gurudumu.

Lakini vidole vyangu vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimeungua. Ngozi ilipona, hisia haikurudi. Fundi wa umeme anajua waya unaoumia kwa kuushika, anausikia joto kabla haujaharibika. Mimi sisikii tena. Mpaka leo nashika kwa mkono wa kushoto, kama anayeanza kazi.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Furaha, mjane. Tonton Justin alikuwepo. Niliwaambia yote: koleo, utepe, Ruzizi, neno langu la matanga. Nilitarajia wanipige, na nilikuwa tayari. Tonton Justin akanishika bega.

"Injenieri, roho yako iko muzuri. Lakini usijibebeshe kosa ya ule muzee. Mutu ya diplome kama yako hawezi kata waya. Wewe mwenyewe ulitufundishaka."

Nilirudia. Nikaapa. Wakataka ushahidi, na gari lilikuwa limeshauzwa kama chuma, na waya nilikuwa nimeutupa kwa mkono wangu. Mama Furaha aliniletea chakula, akasema ataniombea kwenye misa kwa sababu nina huzuni nyingi. Habari ikaenea kwamba injenieri ni msomi na bado ana unyenyekevu, alitaka kubeba kosa la mzee masikini. Wateja wakaongezeka. Nipe adhabu inayopita hiyo.

Nikaenda Kalehe. Muzee Murhula alikuwa anapalilia maharagwe. Nilimwambia akiwa amesimama na jembe. Hakushangaa.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia, muzee. Walikataa."

Alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. "Basi diplome yako iko na nguvu," akasema. Akarudi kupalilia. Nikapalilia naye mpaka jua likatua, na hakunifukuza.

Nakuonya, wewe unayeshika koleo: fundi mwenzako akikuonyesha kosa lako mbele ya watu, geuza rele yako. Aibu ile inakwisha kabla chai haijapoa. Na kuhusu yule mwanamume wa koti, ukitaka sema ni ndoto, sitakugombeza. Lakini usinikatalie habari ya waya, kama walivyonikatalia wao. Breki za Papa Furaha zilikuwa nzima. Muzee Murhula yuko Kalehe, nyumba ya dada yake iko juu ya soko. Gari lako likilia ukibonyeza breki, mpelekee, na mbele ya watu mpe mkono.