Flashi ya Prefe

Nilifuta orodha ya wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa mwisho, mbele ya wafinalisti wenyewe. Si kwa hasira, wala si kwa ulevi. Nilikuwa nimekunywa chai tu. Niliifuta nikiwa nafundisha, chaki mkononi, nikieleza kwa sauti ya mtu mwenye akili kwamba kompyuta haisahau kitu.

Ngoja niseme kwanza nilivyofika kule, maana mimi ni mtu wa nyumba. Natengeneza simu na kompyuta kwenye meza iliyo kati ya kitanda na mlango, na wateja wanajua kugonga dirisha. Elimu yangu iliishia kwenye diploma ya sekondari. Lakini mwalimu wa informatika wa shule ya mtaani kwetu alikuwa amehama mji, na prefe, yaani mkuu wa shule hiyo, muzee mpole ambaye hakuna anayejua namna ya kumkatalia, akaja mwenyewe hadi dirishani.

"Batoto beko najifunza kompyuta ku ubao," aliniambia. "Banajua jenerasio ya kwanza mpaka ya tano. Hata mumoja hajagusa mashine. Kuya na yako, ubaonyeshe tu."

Nikakubali majuma mawili. Mama jirani aliponiona natoka asubuhi nimevaa viatu vya kufunga kamba, aliuliza, "Eeh, leo nani alikufa?"

Huyo mama ni mtu wa Butembo, muuza maharagi, na kati yangu na yeye kuna ukuta wa mbao tu. Akikohoa, mimi nasema pole. Ndivyo nilivyojua habari za mpwa wake. Msichana alifika kwake kutoka Kalengera akikimbia vita, sehemu kubwa ya njia kwa miguu, wakati mwaka wa sita umekwisha anza na rejista ya darasa imekwisha fungwa. Makaratasi yake yote yaliteketea pamoja na nyumba. Mama alimwandama prefe juma zima, hadi prefe akapiga simu kwa mkuu wa shule yake ya zamani, akapewa namba yake ya mwanafunzi, akamwongeza mwishoni mwa orodha ya watakaofanya egzeta, yaani mtihani wa Serikali. Bila jina kwenye orodha ile hakuna mtihani. Bila mtihani ni mwaka mwingine umepotea, na kwake ungekuwa wa pili. Wenzake arobaini walikuwa kwenye rejista. Yeye alikuwa kwenye flashi ya prefe tu.

Siku ya mwisho ya kupeleka orodha, prefe alinikabidhi flashi hiyo langoni, mbele ya wanafunzi. "Weye mutu wa mamashine, pitisha hii ku sekretaria, batoe karatasi, upeleke ku inspection mbele ya saa tisa."

Sekretaria kwetu ni kile kibanda cha kuchapa na kufotokopi; inspection ni ofisi ya ukaguzi wa shule. Kila flashi ya mji huu imepita kibandani na kila moja imerudi na ugonjwa. Unaiingiza kwenye mashine, badala ya faili zako unakuta vipicha vyenye kishale, rakursi tupu, yaani njia za mkato tu, ukibonyeza hapafunguki kitu. Dawa ya mji mzima ni moja: formate, yaani futa yote, anza upya. Nami ni mganga wa dawa hiyo. Nimeitoa mara nyingi kuliko nilivyosali. Kibanda kilicho karibu na shule hakikuwa na umeme asubuhi ile, basi nikaitia flashi mfukoni, nikasema nitapita baada ya somo.

Somo lilikuwa la historia. Niliwaambia kwamba zamani, kabla ya mashine hizi, kompyuta ilikuwa mtu. Kweli kabisa. Watu walikaa safu kwa safu ndani ya chumba, wengi wao wanawake, kila mmoja na hesabu yake ndogo. Akimaliza anampa wa pembeni karatasi, naye anaongeza ya kwake, hadi mwisho wa safu linatoka jibu ambalo mtu mmoja angelitafuta mwaka mzima.

"Prof, na balikuwa na virusi?" aliuliza mmoja wa nyuma. Darasa likacheka.

Hapo ningesema hapana, nikaendelea. Lakini nilitaka kuwaonyesha. Nikaingiza flashi ya prefe kwenye mashine yangu, na kweli, rakursi tupu. "Munaona? Hii imekufa. Sasa mutaangalia namna munganga anafanya."

Mpwa wa mama jirani akainua mkono. "Prof, faili hazikufe. Zimefichwa tu. Kwetu Kalengera papa alikuwa na sekretaria. Unaandika komande moja, zinarudia."

Sikiliza nilivyojibu, mimi mwenye diploma. "Bon! Mutoto wa Kalengera njo atanifundisha sasa? Ikala, mama. Siku ingine."

Walicheka tena. Akakaa. Nikabonyeza. Kile kistari cha kijani kilijaa upesi kuliko mtu kupiga mwayo, nami nikawageukia nikiwa nimekunjua mikono kama mtu aliyemaliza kupika. "Sasa iko safi."

"Prof," alisema yule wa nyuma, taratibu, "na ile orodha yetu?"

Kichwani mwangu, sijui kwa nini, nilikuwa na hakika kwamba orodha iko pia kwenye mashine ya prefe. Prefe hana mashine. Shule nzima haina mashine; ndiyo sababu nilikuwa pale na yangu. Aliitwa, akaja, akasikia, akavua miwani. Orodha ilikuwa imeandikwa katika kibanda kimoja cha mjini ambacho mwenyewe alikwisha kifunga akaondoka. Nyumbani nina programu ya kufufua faili, lakini imo ndani ya mashine niliyoiacha mezani vipande vipande.

"Saa tisa," alisema prefe. Angenitukana ningepumua.

Ilikuwa saa tano na nusu. Betri yangu ilikuwa asilimia thelathini na nane, na pale hapakuwa na umeme. Sikumtazama msichana. Wale arobaini ningeweza kuwaandika upya kutoka kwenye rejista. Yeye nilijua hayumo, nilijua tangu prefe alipovua miwani. Nikafanya kama wafanyavyo waoga wote: nikaanza na kazi rahisi.

"Mutakuwa bale batu ba zamani," niliwaambia. "Safu moja. Haraka."

Wa kwanza alinakili karatasini kutoka kwenye rejista: jina, jina la pili, jina la ubatizo, mahali pa kuzaliwa, tarehe, namba. Wa pili alilinganisha na buletini, ripoti ya alama za mwanafunzi. Wa tatu alihesabu herufi za majina yote pamoja na kuandika jumla kwenye kikaratasi. Karatasi ikafika kwa msichana wa Kalengera, kwa kuwa ndiye aliyesoma kwa sauti bila kujikwaa, naye akanisomea nikiandika. Nikimaliza mstari, mwingine alihesabu herufi kwenye kioo na kulinganisha na kikaratasi. Zisipolingana, turudi.

"Ishirini na tatu!"

"Kwangu ishirini na mbili."

"Prof, uliruka herufi erre!"

"Minaiona, minaiona. Endelea."

Waliniona nikitokwa jasho na hawakunihurumia. "Prof andika na vidole yote, si mbili tu." "Mumuache, munganga anafanya kazi." Kila dakika macho yangu yalikwenda pembeni ya kioo, kwenye alama ya betri. Ishirini na tisa. Ishirini na mbili. Nilipunguza mwanga hadi nikawa naandika kama ndani ya gunia. Prefe alisimama mlangoni na simu sikioni, akimtafuta yule mkuu wa shule ya zamani ya msichana. Kila mara sauti ya mashine ilimwambia kwamba namba haipatikani. Nilimsikia akijaribu tena, na tena. Msichana naye alimsikia. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. Aliendelea kunisomea majina ya wenzake, mmoja baada ya mwingine, kama anayewasaidia watu kupanda gari ambalo yeye hana nafasi ndani yake.

Mstari wa arobaini uliisha betri ikiwa asilimia saba.

Prefe alishusha simu. Nami, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nikamtazama msichana.

"Na yako?"

Alikuwa ameshika ile karatasi ya mwisho kwa mikono miwili.

"Mama, namba yako. Kuna mutu anaikamata fasi fulani? Shangazi? Simu?"

"Niko nayo ku kichwa," alisema.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tulikimbia. Karatasi inaunguaka, Prof."

"Sasa juu ya nini ulinyamaza muda wote huu?"

Akaniangalia bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Ulisema niikale. Ulisema siku ingine."

Hakuna aliyecheka. Asilimia sita.

Alinitajia namba tarakimu mbilimbili, nikaandika. Nilimwomba aitaje tena, tatu tatu, ili kama kuna mahali amekariri vibaya pajitokeze. Prefe alihesabu kwa vidole, mmoja wa safu akahesabu kwenye kioo. Zililingana. Nikahifadhi kwenye flashi, nikahifadhi mara ya pili kwenye mashine, nikamwomba yule msichana mwenyewe aitoe flashi, maana mikono yangu nilikuwa siiamini tena. Kioo kikazima kabla hatujafika mlangoni.

Nilipanda moto, yaani pikipiki ya kukodi, mimi ambaye huenda sokoni kwa miguu kwa kuiogopa, na msichana nyuma yangu, flashi ndani ya ngumi yake. Kibanda cha kwanza: hakuna umeme. Cha pili: kuna jenereta, hakuna wino. Cha tatu kilikuwa na vyote, na foleni ya watu saba. Niliomba, nikasihi, nikadanganya kwamba nina mgonjwa. Msichana akawaambia ukweli kwa sentensi moja, wakatupisha. Mwenye kibanda alipotaka kuiingiza flashi, msichana alimwuliza kwanza kama mashine yake ina virusi. Mtu mzima yule aliona haya, akaisafisha.

Tulifika inspection saa tisa kasoro dakika nane. Karani alihesabu mistari kwa kalamu, polepole, akilamba kidole kila akifunua ukurasa. Thelathini na tisa. Arobaini. Kalamu ikasimama kwenye mstari wa mwisho. "Huyu ametoka wapi?"

"Kalengera," alisema msichana.

Karani akamtazama, akatazama namba, akaifuata tarakimu kwa tarakimu. Kisha akagonga muhuri, na mimi nikagundua nilikuwa nimeshikilia ukingo wa meza yake.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Habari ilikuwa imenitangulia. Watoto wa shule wana kasi kuliko mtandao wetu. Nilivua viatu, nikakaa karibu na meza yangu, nikangoja. Sikungoja sana. Nilisikia beseni la maharagi likiwekwa chini upande wa pili wa mbao, halafu sauti ya mama jirani, bila hodi, bila pole:

"Mutoto alipita mu masasi ya bunduki, alipita mu moto, akafika muzima. Halafu wewe na kompyuta yako, saa tano ya asubuhi, ulikaribia kumumaliza. Kesho yeye njo atafundisha, wewe utanyamaza."