Vichwa vya Msasa vya Fundi Mwanaidi

Ndugu zangu, nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Nina grinda ndogo, ile nyembamba ya kushika kama kalamu. Wiki tatu nilihangaika kutafuta vichwa vidogo vya msasa vya kuifaa. Tukuyu nzima nilikosa, na Mbeya walikuwa na vikubwa tu. Nikaamua kwenda kwa Fundi Mwanaidi, mama anayechonga maua kwenye vitanda. Ukipitisha kidole ndani ya ua lake, utadhani umegusa shavu la kichanga. Nikajua tu, yule anaagiza vichwa kutoka mbali.

Nilimkuta nje na mteja, mvua ikianza kunyunya. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ingia ndani, usilowe. Nakuja."

Mimi nilifundishwa kwamba ukienda kuomba ujuzi kwa fundi, unaanza kwa kumfanyia usafi. Nikafagia. Mezani nikakuta misumari isiyo na vichwa, imeviringishiwa vipande vya msasa uliochakaa. Nikaikusanya pamoja na maranda, nikatia yote kwenye jiko la moto lililokuwa pembeni ya karakana. Moto ukanoga, nami nikajipongeza.

Aliporudi nikamuuliza, "Mama, vile vichwa vidogo vya msasa unanunua wapi?"

Akacheka. "Sinunui, mwanangu. Nakata msumari kichwa, naupasua ncha kwa msumeno wa chuma, nachomeka msasa, nauviringisha na kuubana kwa gundi. Ninavyo kumi na viwili, kila kimoja na kona yake. Ngoja nikuonyeshe."

Akapapasa meza, safi kama sahani. Akanusa hewa. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kinachonuka gundi jikoni ni nini?"