Rangi ya Ukuta Mbichi

Nyumba ya mama yao kule Matambarale ilipolala chini kwa mvua, Tunu hakulilia paa wala milango. Alililia ukuta wa chumba cha mbele. Kila baada ya mavuno mama aliusiriba upya kwa udongo, kisha akaupaka mchanganyiko wake mwenyewe: mkaa uliotwangwa, majani ya kunde na bluu ya kufulia. Siku hiyo, ukuta ukiwa bado mbichi, Tunu na dada yake walipita katikati ya chumba wamekusanya nguo, maana aliyeugusa angemtambua mama ni nani. Ulipokauka ilitoka rangi isiyo bluu wala kijani, nzito, yenye kiza kidogo. Ukitoka juani ukaingia mle, ulijisikia umetuliwa mzigo.

Sasa Tunu ana nyumba yake ya tofali Nachingwea mjini, aliyoijenga kwa korosho, ufuta na ubishi. Dada yake Kulthumu, anayeishi Ruangwa, alikuwa anakuja kumtembelea, na ndiye mtu pekee aliyebaki anayeukumbuka ukuta ule. Tunu alitaka aukute sebuleni. Kulthumu asipoitambua rangi ile, basi nayo imezikwa pamoja na mama yao.

Fundi Kassian alichanganya bluu, kijani na nyeusi kidogo, akapaka kipande.

"Ongeza nyeusi," Tunu akasema.

"Mama, hapa panatosha. Patakuwa giza."

"Itapauka ikikauka. Mimi nimeanza kusiriba wewe hujazaliwa."

Kassian ana adabu zake, akaongeza, akaupaka ukuta wote. Shida ni kwamba Tunu amezoea udongo, na udongo ukikauka hupauka. Rangi ya dukani haina tabia hiyo. Asubuhi alikwenda mbio kuitazama, akaikuta iko vilevile. Jirani yake Zena alichungulia dirishani akauliza kama ameuhamishia usiku ndani. Tunu alicheka naye. Zena alipoondoka akakaa kwenye kochi akalia, maana Kulthumu alikuwa ameshapanda gari na fundi ameshakwenda kwenye kazi nyingine.

Alijikaza akatundika mapazia ya rangi ya maziwa, akatandika vitambaa vyeupe vya kudarizi kwenye makochi, akauweka mkeka wa ukindu katikati. Chumba kilipendeza, tusimnyime haki yake. Vitambaa vilivyokuwa vimechakaa vilionekana vipya mbele ya ukuta ule. Lakini haikuwa rangi ya mama, na hilo lilimuuma.

Kulthumu alifika alasiri. Alivua viatu, akasimama mlangoni, akautazama ukuta hata Tunu akaanza kujitetea.

"Dada, nimeiharibu. Nilizidisha nyeusi. Nilidhani itapauka."

Kulthumu, bibi mwenye wajukuu tele, ambaye magoti yake hayamruhusu hata kuchuma mboga, aliikusanya khanga yake kwa mikono miwili, akaibana mapajani, akapita katikati ya chumba kwa hatua ndogondogo, mabega kayakunja. Alipofika kwenye mkeka akageuka. Tunu alikuwa amechoka kwa mawazo, ameuegemeza mgongo ukutani.

"Toka hapo, Tunu," Kulthumu akasema kwa sauti ya chini. "Bado mbichi. Mama atatugombeza."

Tunu akauondoa mgongo wake ukutani taratibu, akajipangusa begani.