Nilipasuliwa kwa Tiketi ya Binamu Yangu

Nimekosa. Naliandika neno hilo mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kulizungusha, maana kuzungusha mambo kichwani ndiyo maradhi yangu.

Kwa wiki tatu sikupata usingizi. Swali lilikuwa moja: niirudishe ile tiketi ya kodi, au niitie motoni? Ilikuwa ndani ya kitabu changu cha hesabu, kikaratasi chenye muhuri cha kuonyesha kwamba mtu amelipa kodi ya kichwa, na kila nilipofumba macho niliiona.

Jina langu siliandiki. La binamu yangu nimelibadili, nitamwita Ojambo. Ni mtoto wa mjomba wangu, mkulima wa pamba huko Buteba, upande wa Uganda. Mimi ni wa Busia, upande wa Kenya. Nimetoka chuo cha ualimu mwaka huu na mshahara wa kwanza sijauona.

Tumbo lilianza Jumapili, kitovuni, kisha maumivu yakahamia chini upande wa kulia. Dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati, akanibonyeza pale, nikapiga yowe.

"Mwalimu, hiki ni kidole tumbo. Kikatwe kabla hakijapasuka. Hospitali ya upande wetu ni mbali, utafia njiani. Nenda Tororo."

"Ni kiasi gani?"

"Mwenye tiketi ya kodi ya Uganda, bure. Wewe mtu wa Kenya, shilingi mia na hamsini, nusu kabla ya kisu."

Mia na hamsini! Nilirudi nyumbani nimejishika ubavu kama mwizi aliyeficha kuku.

Lakini njia zilikuwapo, ndugu zangu! Mama alikuwa na ndama, akasema, "Auzwe leo leo." Nikakataa. Watu watasema nini, kijana aliyesomeshwa anamla mama yake ndama wa mwisho? Padri wa misheni naye alileta habari kwamba atalipa yote, mradi niweke saini ya kufundisha shule yake miaka mitatu. Nikakataa pia, kwa sababu nilikuwa na ndoto ya ukarani Kampala. Mtu amejikunja sakafuni kwa maumivu, bado anapima ukarani!

Ndipo Ojambo akafika na baiskeli yake. Alisikiliza hesabu zangu zote, kisha akacheka.

"Wewe nakufa na elimu yako? Tiketi yangu iko. Chukua."

"Na wewe je, wakikuuliza?"

"Mimi nakwenda wapi? Mimi na pamba tu. Leo wewe ni Ojambo. Lakini usiongee Kizungu kule, watajua Ojambo gani huyu!"

Nilicheka, na kucheka kukaniuma. Sikumwuliza mara ya pili. Akanipakia kwenye baiskeli hadi barabarani, akaniombea nafasi kwenye lori la pamba. Njia nzima nilikariri jina la baba yake na la kijiji chake.

Karani wa hospitali hakuuliza mengi. Aliandika "Ojambo", akaibana tiketi kwenye karatasi yangu ya wodi. "Utaichukua ukitoka," akasema. Nikapasuliwa salama, na sikulipa hata senti.

Siku ya tano akaja Nabwire, mke wa Ojambo, miguu yake imejaa vumbi hadi magotini. Aliinama karibu na sikio langu.

"Shemeji, wamechukua mtu yangu. Askari wa kodi walikuja pale watu nauza pamba. Hana tiketi. Kesho ni kesi. Nipe ile karatasi, mimi naonyesha, yeye narudi."

Ilikuwa pale pale, juu ya kichwa changu, imebanwa kwa pini!

Nikaanza kufikiri. Nikiiomba, karani atauliza kwa nini. Akiuliza, atajua mimi si Ojambo. Akijua, nitashtakiwa nikiwa na nyuzi tumboni, na cheti changu cha ualimu kitafutwa. Nilifikiri mpaka Nabwire akachoka kuinama.

"Subiri nitoke hospitali," nikamwambia.

"Kesi ni kesho, shemeji."

"Nimesikia. Subiri nitoke."

Alinitazama, akafunga kanga yake, akaondoka. Hakunilaani. Afadhali angenilaani!

Ojambo alipewa miezi miwili ya kuponda kokoto za barabara. Na hili ndilo linalonitafuna: hakimu alimwuliza tiketi iko wapi, naye akajibu, "Imepotea." Angetaja jina langu angerudi nyumbani siku ile. Hakulitaja. Mimi msomi nilikuwa nimelala kitandani kwa jina lake, na yeye asiyejua kusoma akalilinda langu.

Nikatoka hospitali na tiketi mfukoni. Sasa ningeweza kwenda! Badala yake nikawaza. Kesi imekwisha, nitafufua nini? Labda watamwongezea kifungo kwa kusema uongo. Labda nikisubiri, miezi miwili itapita yenyewe. Wiki tatu za labda! Huku mvua ikaja mapema Buteba, na pamba ambayo Nabwire hakuweza kuichuma peke yake ikalowa shambani, ikawa nyeusi.

Mama ndiye aliyeniambia habari ya pamba. Alisema hivyo tu, akaendelea kupepeta wimbi. Kesho yake nilitoa tiketi kwenye kitabu cha hesabu, nikakifunga, nikavuka mpaka.

Mahakama ya gombolola, yaani ya tarafa yao, ilikuwa imejaa. Niliiweka tiketi mezani, nikaeleza, nikainua shati waone kovu. Hakimu, mzee wa makamo, akanisogezea ile karatasi.

"Wewe ni mwalimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi soma jina lililo hapa. Kwa sauti."

Nikasoma.

"Ni lako?"

"Si langu."

Watu waliguna. Nilitozwa faini, nikaamriwa kulipa zile mia na hamsini za hospitali. Kuhusu cheti changu, wakubwa wa elimu wameandikiwa barua, jibu sijalipata. Ojambo alifunguliwa jioni ile. Nilimngoja nje ya boma la serikali. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilipompa tiketi yake, hakuipokea mara moja.

"Kumbe Ojambo bado iko?" akasema. "Mimi nilisikia alipasuliwa tumbo huko Tororo."

Hakucheka. Akaichukua, akaenda zake. Nilipofika kwake Jumapili, Nabwire alinisalimu vizuri, lakini kiti hakunipa.

Wewe unayesoma haya, ikiwa tumbo limekushika, uza ndama! Kubali deni, kubali saini, kubali kuitwa maskini. Usitibiwe kwa jina la mwenzako, maana ukipona wewe, yeye ndiye atakayeugua. Na ukiwa umekwisha kosa, usikae kupima. Nenda mguu mmoja mbele ya mwingine, mawazo yatakufuata.

Jumatatu nilikwenda kwa padri. Atanilipia deni la hospitali na faini, lakini miaka mitatu yake imekuwa minne, na mshahara wangu wa mwaka wa mwisho utakwenda Buteba kufidia pamba iliyolowa. Akanipa kalamu. Sikumwomba siku ya kufikiri. Nikaandika jina langu mwenyewe.